Kutoka Novemba hadi Julai: kumsaidia kijana aliyemaliza kidato cha nne apate mwelekeo

Nchini Tanzania mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka mwishoni mwa Januari, na anayechaguliwa kidato cha tano huripoti Julai. Hapo katikati pana miezi saba, minane, ambayo nyumba nyingi huimaliza kwa neno moja: subiri. Kijana analala hadi saa nne asubuhi, anashinda na simu, anaanza kubeti kidogokidogo, halafu siku ya kuchagua anachagua alichosikia kwa rafiki. Mwongozo huu ni wa mzazi, mjomba, shangazi, dada mkubwa au mlezi yeyote anayeishi na kijana huyo. Kazi yako katika miezi hii ni kumwekea mazingira ya kujaribu mambo matatu kwa vitendo kabla hajalazimika kuchagua moja kwa miaka.

Wiki mbili za kwanza mwache alale. Amechoka kweli. Wewe tumia muda huo kukusanya karatasi zake, maana mipango mingi hukwama hapa. Tafuta cheti cha kuzaliwa na ulinganishe jina lililoandikwa humo na lile alilosajiliwa nalo kwa mtihani, herufi kwa herufi. "Mohamed" upande mmoja na "Muhammad" upande wa pili ni safari kadhaa za RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na hati ya kiapo kwa mwanasheria, na itakuja kusumbua siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, muda ukiwa umebana. Kama ametimiza miaka 18, aanze maombi ya kitambulisho cha taifa cha NIDA sasa hivi. Bila namba hiyo laini ya simu na akaunti ya benki vitakuwa vya jina lako, na fedha zake zitapita mikononi mwako, jambo ambalo halimfundishi chochote.

Katika wiki hizohizo, usimuulize anataka kuwa nani. Swali hilo amelijibu tangu darasa la tatu: daktari, rubani, mwanasheria. Jibu analo kichwani kama shairi la kukariri. Na tafadhali usiitishe kikao cha ukoo. Kijana wa miaka 17 akikalishwa sebuleni mbele ya baba wakubwa watatu atasema kile kitakachomaliza kikao haraka.

Muangalie tu kwa siku kumi na nne, uandike. Daftari dogo linatosha. Andika anachofanya bila kutumwa, anachokifanya mpaka anasahau kula, majirani wanamwita kwa shida gani (redio imeharibika, mtoto anahitaji kufundishwa hesabu, harusi inahitaji mpambaji), na kazi gani anaichukia lakini anaimaliza vizuri. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa, kwa sababu kila kazi ina upande wake wa kuchosha, na anayeweza kuumaliza upande huo bila kusimamiwa ana mtaji tayari. Usimfiche hilo daftari. Baada ya wiki mbili mpe alisome, aongeze na kufuta. Mazungumzo yafanyike mkiwa mnafanya jambo lingine: mnachambua mboga, mnapanda mlima kwenda shambani, mnasukuma baiskeli yenye pancha. Kijana huongea zaidi macho yenu yasipokutana.

Sasa majaribio. Chagueni matatu yasiyofanana: moja la mikono, moja la watu, moja la ardhi au la hesabu na kompyuta. La mikono linaweza kuwa gereji, useremala, umeme wa majumbani, ushonaji, kuchomelea vyuma. La watu ni kama kusaidia chekechea, saluni, mgahawa au duka la vifaa vya ujenzi. Kwa ardhi, tuta la mchicha ni jaribio zuri kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa unavunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia. Ndani ya mwezi mmoja kijana ameshaona mbegu, wadudu, maji, mteja anayeomba kupunguziwa bei, na hela.

Kila jaribio lichukue wiki tatu, siku tano kwa wiki. Wiki ya kwanza atafagia, atachota maji na kutumwa spana. Wiki ya pili ataanza kuelewa kinachoendelea. Wiki ya tatu ugeni unaisha, na hapo ndipo unaona kama kazi yenyewe inamvuta au alikuwa anafurahia kutoka nyumbani. Anayeacha siku ya nne hajaikataa kazi, ameukataa ufagio. Mwambie hivyo mapema.

Nenda mwenyewe kwa fundi, umtangulize kijana amsalimie. Usimpigie simu. Mueleze wazi: "Fundi, shikamoo. Namleta kijana akae kwako wiki tatu aone kazi. Simwombei mshahara, nauli na chakula cha mchana ni juu yangu." Kwa miji mingi, tenga shilingi 3,000 hadi 5,000 kwa siku kwa nauli na chakula. Kwa siku 15 ni 45,000 hadi 75,000 kwa jaribio moja. Kama hela haipo, tafuteni fundi wa kutembea kwa miguu, na chakula afungashiwe nyumbani. Usilipe ada ya ufundi kabla wiki tatu hazijaisha, hata ukiambiwa nafasi zinajaa.

Yako mambo ya kukubaliana mbele ya kijana mwenyewe. Kwanza saa za kuanza na kumaliza. Pili, asichoruhusiwa kugusa: umeme ulio hai, mashine ya kukata mbao bila kusimamiwa, kuchomelea bila miwani wala kinga ya uso. Tatu, kabla ya wiki ya tatu kuisha awe ameona kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kubadilisha oili na plagi za pikipiki moja, kushona sketi moja ya shule kuanzia kupima hadi kupiga pasi, kufunga soketi moja ya ukutani umeme ukiwa umezimwa. Sharti hili ndilo huvunjwa zaidi. Kijana anageuzwa mtumwaji wa soda na vocha, wiki tatu zinakwisha, anasema ufundi haumfai wakati hajauona. Pita pale mara moja kila wiki, kaa kidogo, uangalie mikono yake ina nini.

Kwa binti ongeza tahadhari bila kuona haya. Eneo liwe wazi barabarani, pawe na mwanamke mwingine anayefanya kazi pale, arudi kabla ya giza, na awe na ruhusa yako ya kuondoka saa yoyote bila kumweleza mtu sababu. Na usimchagulie saluni au cherehani kwa sababu tu ni binti. Kama daftari linasema ndiye anayetengeneza redio ya jirani, mpeleke kwa fundi wa elektroniki.

Jioni kijana aandike mistari minne: nilichofanya kwa mikono yangu, kilichonichosha, kilichonivuta, swali ambalo sikupata jibu. Mstari wa nne ndio wa kusoma kwanza. Daftari la gereji likiwa halina swali hata moja kwa wiki nzima, na la chekechea limejaa maswali, umeshapata habari ambayo mtihani wa kupima vipaji haungekupa. Ishara nyingine ni ya Jumamosi: je, alikwenda bila kuitwa?

Mwisho wa kila jaribio muulize fundi mambo matatu akiwa peke yake. Anawahi? Anauliza kabla ya kuharibu? Jioni anakusanya vifaa bila kuambiwa? Kisha swali zito: "Ungekuwa na nafasi, ungembakisha?" Mafundi wengi hawana muda wa kukupamba maneno. Akisita, sikiliza kusita kwake.

Jambo la kalenda ambalo huwaumiza wengi: vyuo vya ufundi stadi vya VETA huanza masomo ya kozi ndefu Januari, na fomu za maombi mara nyingi hutolewa miezi kadhaa kabla, kijana akiwa bado darasani anajiandaa na mtihani. Anayesubiri matokeo ya Januari ndipo afikirie ufundi amechelewa mwaka mzima. Kozi nyingi hazidai ufaulu wa kidato cha nne, kwa hiyo kuomba mapema hakuna hasara zaidi ya gharama ya fomu. Kama mwaka huo umepita, kozi fupi za miezi michache zipo. Kabla ya kushangilia ada, soma orodha ya vifaa kwenye fomu ya kujiunga: overoli, buti, boksi la vifaa. Mara nyingi hapo ndipo penye gharama kubwa.

Matokeo yakitoka, soma masomo kabla ya daraja. Pointi huhesabiwa kwa masomo saba bora, A ikiwa 1 na F ikiwa 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Chukua vijana wawili wenye pointi 23. Mmoja ana B ya Kiswahili, C za Historia, Kiingereza na Uraia, na D za Jiografia, Baiolojia na Hisabati. Mwingine ana C tano, za Fizikia, Kemia, Baiolojia, Jiografia na Kiswahili, na D mbili za Uraia na Kiingereza. Mtaani wote ni "tri". Lakini wa kwanza tahasusi yake ya wazi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano, ni HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na kozi nyingi za afya zimemfungia kwa kukosa Fizikia na Kemia. Wa pili anaweza PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), au chuo cha afya cha kati moja kwa moja. Weka cheti na daftari la majaribio mezani, viangaliwe pamoja. Vikigongana, yaani alama zinasema sanaa na daftari linasema umeme, daftari lisikilizwe kwanza kuhusu aina ya kazi, alama zitumike kujua mlango upi wa kuifikia.

Serikali hutoa nafasi ya kubadilisha tahasusi au chuo kwa mtandao kabla ya uchaguzi kutangazwa. Vijana wengi walijaza chaguo wakiwa shuleni kwa kufuata kiti cha jirani, kwa hiyo dirisha hilo likifunguliwa litumieni. Akielekea chuo cha kati, hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo hivyo, na kozi yenyewe pia, kabla ya kulipa hata elfu kumi. Anayekuahidi nafasi kwa kutumiwa hela kwenye simu ni kishoka.

Akipata daraja la nne au sifuri, siku tatu za kwanza zisiwe na mpango wowote. Asilinganishwe na binamu. Kurisiti, yaani kurudia mtihani, kuna maana pale tu mnapoweza kutaja masomo yenyewe na sababu ya kuanguka, mfano hakuwa na mwalimu wa Fizikia kwa miaka miwili. Hisabati huangusha wengi kila mwaka, na kuirudia bila mwalimu mpya ni kununua F ileile mara ya pili. Akirisiti, asome nusu siku na nusu nyingine aendelee na fundi aliyemkubali. Kijana asiyelala, asiyekula, aliyeanza kugawa vitu vyake au kusema ni bora asingekuwepo, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Mwelekeo wa maisha utasubiri.

Bodaboda itajitokeza tu, maana hutoa hela siku ya kwanza. Msiidharau, ipigieni hesabu. Tuseme pikipiki ya mkataba inadai 10,000 kwa siku, siku sita. Hiyo ni 60,000 kwa wiki kabla ya mafuta, matairi, oili na faini. Siku ya mvua hesabu ya mwenye pikipiki haishuki. Kijana akiiona karatasi hiyo na bado anaitaka, apate leseni kwanza na mkataba uandikwe. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu), hupatikana kwa vikundi kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kilichokusanywa kwa ajili ya fomu huvunjika hela ikiingia. Waliowahi kulima tuta moja la mchicha pamoja wana nafasi nzuri zaidi.

Mwishoni mwa Mei kaeni muandike mpango wa mwaka mmoja kwenye ukurasa mmoja: anakwenda wapi, gharama yote pamoja na vifaa na nauli, nani analipa kiasi gani, na mlango wa pili kama wa kwanza ukigoma. Aandike yeye kwa mwandiko wake. Chini yake wekeni tarehe ya miezi mitatu mbele, na swali moja tu la siku hiyo: mistari minne ya jioni bado inaandikwa? Kama mstari wa maswali umekuwa mtupu wiki nne mfululizo, rudini kwenye daftari la kwanza mwangalie jaribio lililoshika nafasi ya pili.