Bekapu inakawia? Tenganisha kusoma na kuandika

Bekapu iliyokuwa ikiisha saa nane usiku sasa inafika saa mbili asubuhi, na watu wameshaingia kazini. Usikimbilie kununua diski mpya. Kuna diski inayosomwa na diski inayoandikwa. Pima kila moja peke yake.

Kwenye seva ya Linux, kabla ya yote endesha `smartctl -a /dev/sda`, amri inayoonyesha afya ya diski. Ukiona Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) imezidi 0, acha vipimo vyote na uokoe data kwanza, maana vipimo huichosha diski inayokufa.

Diski ikiwa nzima, ingia kama root (msimamizi mkuu), uondoe data iliyobaki kwenye RAM, kisha upime kusoma:

`sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`
`time tar cf - /data | cat > /dev/null`

Hiyo `cat` usiitoe. Tar ya GNU ikigundua inaandika moja kwa moja kwenye /dev/null, haisomi kabisa yaliyomo ndani ya faili. Itamaliza upesi, nawe utaamini diski haina neno.

Tar ikiwa inaenda, fungua terminali ya pili na `iostat -x 1` (imo kwenye kifurushi cha sysstat). Tuseme r_await (milisekunde za kusubiri kila usomaji) ni 9, %util (asilimia ya muda diski iko kazini) ni 99, lakini rkB/s (KB zinazosomwa kwa sekunde) haizidi 3000. Hapo kichwa cha diski kinahangaika na faili ndogondogo. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huruka sehemu hadi sehemu kama mara 100 tu kwa sekunde. Faili milioni moja, kila moja ikidai mruko mmoja, ni sekunde 10,000, karibu saa tatu. Kebo mpya haitasaidia. Nakili diski nzima kwa mfululizo kutoka snapshot ya LVM (picha ya diski ilivyo wakati mmoja), au hamishia faili hizo kwenye SSD. Na kama rsync yako (programu ya kunakili faili) ina `-c`, itoe: inasoma upya kila faili, hata isiyobadilika.

Kuandika:

`dd if=/dev/zero of=/mnt/bekapu/jaribio bs=1M count=8192 conv=fsync status=progress`

Bila `conv=fsync` unapima RAM. Ikigota kwenye MB 35 au 40 kwa sekunde na diski ni ya USB, angalia `lsusb -t`: 480M maana yake imeingia kama USB 2.0, hivyo badilisha kebo au tundu. Ikianza kwa kasi kisha ikaporomoka baada ya makumi ya GB, shuku diski ya SMR (ambayo njia zake za data zimelaliana, hivyo kuandika upya huchelewa). GB 8 hazitoshi kuifichua, ongeza count hadi 102400.