Mng'aro wa tablo ya Coccinelle

Kabla hujanunua hata kopo moja la rangi ya kurudishia tablo sura yake ya zamani, chomoa kisahani cha majivu. Kwenye Coccinelle (zile Volkswagen za mgongo wa mviringo) za miaka ya 1960 kiko kwenye tablo, yaani dashibodi, na nyuma yake kuna bati ambalo jua halijaligusa tangu gari litoke kiwandani. Lifute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, basi. Usitie pasta ya kung'arishia: ukilisugua utazaa mng'aro mpya, na wewe unatafuta ule wa zamani. Kama hapo pameshaguswa na fundi mwingine (utaona rangi imerukia hadi kwenye nyaya), tazama chini ya pete ya kipimamwendo.

Wateja wanaokuja kwangu Kamalondo, hapa Lubumbashi, huniambia, "Papa fundi, nitafutie buluu ileile." Buluu si taabu, wauzaji wa rangi mjini watachanganya mpaka ifanane. Taabu ni mng'aro. Ukikosea huo, mwenye kuijua gari atashtuka akiwa bado mlangoni.

Kuupima hakuhitaji mashine. Shika kipande cha gazeti wima juu ya bati, mahali penye mwanga wa dirisha. Kama vichwa vya habari vinasomeka kinyume ndani ya bati, huo ni mng'aro kamili. Ukiona umbo la gazeti lakini herufi zimeyeyuka, ni satini. Usipoona chochote, ni mati.

Sasa usichukue sheria moja ukaibandika kwa magari yote. Coccinelle ya 1965 ina tablo ya bati iliyopigwa rangi ya bodi, nayo inang'aa. Vijana huniomba niipige mati nyeusi ili "ifanane na za kisasa". Nakataa, wakitaka ya kisasa wakanunue ya kisasa. Lakini Coccinelle ya aina ya 1303, iliyotoka 1972 na kioo cha mbele kilichopinda, ina tablo ya plastiki nyeusi isiyong'aa, na haikufanywa hivyo kwa urembo.

Hilo nililijua kwa aibu. Mwenye 1303 alitaka tablo ing'ae, nami nilihitaji pesa. Nikampigia verni, yaani koti ya juu isiyo na rangi, mpaka ukajiona meno. Jumamosi akaondoka saa tisa alasiri kwenda Likasi, jua likiwa mbele yake. Akanipigia simu kutoka njiani: tablo nzima imeingia ndani ya kioo, haoni malori. Akarudi polepole, na kazi nikairudia bure. Wamarekani walishaliona jambo hili: sheria yao ya usalama iliyoanza 1968 iliwekea kikomo mng'aro wa vyuma vilivyo mbele ya macho ya dereva, kama mikono ya waipa na pete ya honi. Kwa hiyo chochote kilicho juu ya tablo, chini ya kioo, kikielekea angani, kikiwa cheusi cha mati kiache hivyo.

Mati ndiyo inayosumbua mikono. Haing'ai kwa sababu ina unga laini sana, aghalabu wa silika, unaoufanya uso wa rangi kuwa na vijibonde vya kutawanya mwanga. Unga huo huzama chini ya kopo. Usipokoroga vizuri, nusu ya kwanza itang'aa na ya mwisho itakuwa kama chaki. Mimi hukoroga dakika tano kwa kijiti bapa, nikikwangua kitako, kisha nakoroga tena kila ninapojaza pistole, yaani bunduki ya kupulizia rangi. Piga koti (tabaka) nyepesi mbili au tatu, mkono uende kwa mwendo mmoja, maana penye rangi nzito mng'aro hubadilika na utaona mabaka. Na ikitiririka, usidhani utaisawazisha kwa msasa na pasta kama rangi inayong'aa. Ukisugua mati, inang'aa. Ni kukwangua na kupiga upya.

Msimu nao una neno. Mwezi wa saba kwetu Lubumbashi vumbi jekundu linaingia hata pasipo na mlango, kwa hiyo namwaga maji sakafuni kwanza. Wakati wa mvua, verni ya selulosi hugeuka nyeupe kama ukungu kwa unyevu. Subiri siku kavu.

Plastiki ioshe mara mbili kwa dawa ya kuondoa mafuta. Dawa za kung'arisha tablo wanazopenda waosha magari zina silikoni, na rangi ikikutana nayo hujikunja ikaacha vishimo kama macho ya samaki. Kwenye plastiki laini tumia rangi inayokubali kupinda, la sivyo itapasuka.

Usiamue kwa kuangalia kopo. Kata vibati vitatu kutoka kopo la maziwa, piga kimoja mng'aro, kimoja satini, kimoja mati, uviache mpaka kesho. Rangi mbichi zote zinang'aa, ndipo wengi wanapodanganyika. Kesho viweke juu ya tablo, kaa kiti cha dereva, tazama saa sita mchana na tena saa kumi. Satini ikiwa karibu lakini haijafika, verni za kampuni moja za mng'aro na mati huweza kuchanganywa, kama karatasi yao ya maelekezo inaruhusu. Verni yenye kigumishi ina sumu ya mapafu: kitambaa puani si kinga, vaa barakoa ya kuleta hewa safi au mpe kazi mwenye nayo.

Siku ya kurudisha vitu vaa glavu. Mafuta ya kidole kwenye mati mpya yanabaki yaking'aa kama yamepigwa pasi. Mwenye 1303 aliweka dole gumba kabla sijamaliza kusema, "Papa, ngoja." Mpaka leo lipo, upande wa kulia wa redio.