Kuseti geini ya amplifaya bila kuunguza wufa (spika ya besi)

Vijana wa matatu hapa Malindi wakitaka kelele hukaza geini mpaka mwisho, kisha wananiletea wufa inanuka koili iliyoungua na lawama zote kwa spika. Geini si volyumu. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye redio. Ukizidisha, mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inachanika, koili inapata moto.

1. Waya wa hasi wa amplifaya, unaofungwa kwenye bodi ya gari. Kwaruza rangi ya bodi mpaka chuma king'ae, kaza bolti, paka grisi. Hewa ya chumvi ya huku haina huruma.

2. Chomoa spika. Ekwalaiza yote sifuri, zima kiongeza besi, fungua filta (kichujio cha sauti).

3. Sasa mita. Chukua wati za RMS za amplifaya (wati halisi inazotoa mfululizo), zidisha kwa omu za wufa, tafuta kipeuo cha pili. Wati 300 kwa omu 4 ni 1,200. Kipeuo chake karibu 34.6, na hizo ndizo volti zako. Zile wati 3000 zilizochorwa kwenye boksi kwa rangi za moto achana nazo. Kama wufa inabeba wati chache kuliko amplifaya, hesabu kwa za wufa. Wufa mbili za omu 4 zikifungwa sambamba ni omu 2, kwa hiyo hesabu upya.

Washa injini, maana volti za betri peke yake ziko chini. Geini iwe chini kabisa. Cheza toni ya 50 Hz, sifuri dB (kiwango cha juu kabisa cha rekodi), kutoka kwenye flashi. Simu ina volyumu yake na itakuvuruga. Redio iweke robo tatu: ikiishia 40, simama 30. Multimita iwe kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Ukiiacha DC utasoma sifuri na kutukana amplifaya bure. Kama umeunganisha chaneli mbili kuwa moja, pima pale pale wufa inapofungwa. Zungusha geini kwa bisibisi polepole mpaka mita ikaribie zile volti ulizopiga hesabu. Kwa mfano ule wa 34.6, mimi husimama volti 32, kwa sababu mita haioni sauti iliyochanika. Redio ikiwa imeshachanika huko nyuma, namba itakudanganya.

Wapo mafundi wanaoseti kwa sikio. Sikio lililozoea kelele huona besi iliyochanika ndiyo tamu.

4. Zima kila kitu, rudisha spika, filta ya wufa 80 Hz. Dereva akitaka zaidi, redio anayo, na mwisho wake ni ile 30.