Vifaa vya kuanzia upigaji picha za harusi: nunua mwanga kwanza, bodi ya kamera ifuate

Anayetaka kuingia kwenye kazi hii karibu kila mara huuliza: ninunue kamera gani? Nami humuuliza: jua likizama utapiga kwa kutumia nini? Harusi zetu hapa Uganda huanza mapema na huisha usiku. Asubuhi uko chumbani kwa bibi harusi, chumba chenye dirisha moja na ndugu wanane ndani. Adhuhuri uko kanisani au msikitini, pengine umeshaambiwa usiwashe flashi. Saa mbili usiku uko chini ya hema la vitambaa vya zambarau, na taa za LED zinageuka rangi kila dakika. Picha za alasiri uwanjani hata kamera ya zamani itazipiga vizuri. Fedha zako zinunue vifaa vya zile saa nyingine.

Hatua ya 1: Jua utasimama wapi

Chukua kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi nyumbani kwa bibi harusi. Mahema yanatazamana, wenyeji huku, wageni wa bwana harusi kule, na katikati kuna uwanja. Wasemaji wanatupiana maneno, kisha ssenga (shangazi wa bibi harusi) anavuka kwenda kumtafuta bwana harusi kati ya wanaume waliovaa kanzu. Huwezi kukatiza uwanja huo kila unapotaka. Wazee watakukaripia, tena kwa haki. Hapo unahitaji lenzi ya kuvuta, inayowasogeza walio mbali. Nikah ni kinyume chake: watu wameketi chini, wamebanana, na walii na bwana harusi wanashikana mikono hatua mbili kutoka ulipo. Hapo unahitaji lenzi pana. Mtu aliyekwishaandika mambo haya kwenye karatasi hanunui ovyo.

Hatua ya 2: Lenzi

Namba ya mm ikiwa ndogo lenzi huona pana, ikiwa kubwa huvuta; namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi huingia. Zumu ndogo ya 18-55mm inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni kati ya zile za bei nafuu kabisa kwa kila kampuni, huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Palipokulazimisha kutumia ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga; ikipanda sana picha hujaa chembe), sasa utapiga kwa ISO 800 na kubaki na akiba kidogo. Hakuna bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, itakayokupa nafuu kubwa namna hiyo kwa fedha hizo.

Ya pili iwe 35mm, au 24mm kama sensa ya kamera yako (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha) ni ndogo, kwa ajili ya chumbani, nikah na picha za ukoo mzima. Ya tatu ni 85mm f/1.8. Kwenye sensa ndogo huona kama lenzi ya 130mm hivi, na hiyo inatosha kumfikia ssenga ng'ambo ya uwanja. Zumu ya 70-200mm f/2.8 inatamaniwa na kila mtu, lakini ina uzito wa karibu kilo moja na nusu na bei yake ni ya kuumiza. Kodisha kwa siku ya kazi, mteja ailipie ndani ya bei yako.

Hatua ya 3: Flashi mbili

Sisemi moja, nasema mbili. Godox TT600 ni nafuu na ina nguvu, ila kila kitu unakipanga mwenyewe kwa mkono. TT685 hupima mwanga yenyewe, na kwa anayeanza hiyo iwe juu ya kamera, TT600 iwe kwenye stendi pembeni. Nunua pia kifaa cha kuwashia flashi kwa mbali, cha kampuni hiyohiyo.

Tumezoea kuelekeza flashi juu ili mwanga urudi laini. Kwenye dari nyeupe ni sawa. Chini ya kitambaa cha zambarau, mwanga hurudi zambarau, na bibi harusi anatoka kama aliyepigwa na baridi. Ndiyo sababu ya ile flashi ya stendi: ina mwavuli mweupe wake na haiombi kitu kutoka kwenye hema. Betri zake ziwe za kuchaji, aina ya NiMH. Betri za tochi za dukani zitazimika kabla keki haijakatwa.

Hatua ya 4: Sasa bodi

Sharti langu ni moja: nafasi mbili za kadi, ili kila picha iandikwe mara mbili. Canon 6D ya mwaka 2012 hupiga vizuri sana gizani, lakini ina nafasi moja. Canon 5D Mark III ya mwaka huohuo inazo mbili, CF na SD. Nikon D750 ya 2014 na Sony A7 III ya 2018 zinazo pia. Kadi ikifa, huwezi kumwita shehe au padri arudie.

Kati ya kampuni hizo, chagua ile wanayotumia wapiga picha wenzako wa karibu. Chaja ikisahaulika au lenzi ikianguka, utaazima. Sababu hii ina uzito kuliko mabishano yote ya mtandaoni.

Ukinunua iliyotumika, uliza idadi ya mapigo ya shata, ule mlango unaofunguka kila unapopiga picha; D750 na 5D Mark III zilipimwa kufikia 150,000. Piga ukuta mweupe kwa f/16, madoa ya sensa yatajionyesha. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, rudisha. Jaribu nafasi zote mbili za kadi papo hapo, mbele ya muuzaji. Kwa D750, tazama namba yake kwenye tovuti ya Nikon, maana baadhi ziliitwa kiwandani kwa hitilafu ya shata.

Hatua ya 5: Vidogo vinavyookoa siku

Picha 2,000 za RAW, yaani mafaili ghafi ambayo kamera haijayabana, kwa kamera ya megapikseli 24 hukaribia GB 60. Beba kadi kadhaa za GB 64, na kila mpya ijaze hadi juu kisha uisome yote kabla ya kuiamini. Kadi bandia huonekana nzima hadi ijae. Betri tatu za kamera, zichajiwe usiku wa kuamkia, kwa sababu umeme haukungoji. Mkoba uwe na koti la mvua: boda boda na mvua za Machi hadi Mei hazina huruma. Droni iache kwanza. Kuirusha kunataka vibali, na hakuna mteja wa kwanza atakayekukataa kwa kuikosa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbale:* Mwalimu, fedha zangu hazifiki bodi yenye nafasi mbili. Nisubiri?

Usisubiri, ssebo (bwana). Nunua lenzi ya 50mm na flashi moja, bodi ukodishe wikendi ya kazi. Anza kama msaidizi wa mpiga picha mwingine, kadi yako isiwe ndiyo pekee.

*Mwanachama wa Bombo:* Asalaam aleykum. Mimi ni mwanamke, napigia upande wa wanawake, usiku wa hina. Kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) itanifaa kwa ukimya wake?

Waaleykum salaam, dada. Itakufaa, lakini shata ya kimya chini ya taa za LED huleta mistari kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo jaribu kasi ya shata ya 1/100 au 1/50 ya sekunde. Mistari ikibaki, rudi kwenye shata ya kawaida. Na kubalianeni mapema nani atahariri. Kuna familia ambazo hazitaki macho ya mwanamume kwenye picha hizo hata moja, kwa hiyo kompyuta yako mwenyewe ni sehemu ya vifaa.

*Mwanachama wa Mbarara:* Uso wa bibi harusi unatoka mweusi tii kila akivaa gauni jeupe. Ni lenzi?

Si lenzi. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inapunguza. Pima mwanga usoni, au ongeza mwanga hatua moja kwenye kamera, kisha hakikisha gauni halijaungua, yaani halijawa weupe mtupu usio na mikunjo.

*Mwanachama wa Arua:* Wateja wanataka picha usiku uleule kwenye WhatsApp. Ninunue laputopu?

Bado. Weka RAW kadi ya kwanza na JPEG, picha iliyo tayari kutumwa, kadi ya pili, ununue kisomea kadi cha kuchomeka kwenye simu. Chagua kumi, tuma, rudisha kadi kwenye kamera. Hizo JPEG usizifute hata mteja akishazipokea, mpaka RAW ziwe zimekaa kwenye diski mbili tofauti.