Baba na Mtoto Anayesubiri Matokeo ya Kidato cha Nne: Namna ya Kuzungumza Naye

Mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania hufanyika mwezi Novemba, na Baraza la Mitihani (NECTA) kwa kawaida hutangaza matokeo mwezi Januari. Katika kipindi hicho kijana hushinda nyumbani bila sare wala kengele, na wakati huo ndipo kina baba wengi humkumbusha ada waliyolipa au humtafutia kazi ili asiende kijiweni. Kazi si mbaya. Lakini kipindi hiki kinafaa zaidi kwa mazungumzo, kwa sababu kijana ambaye hakuzoea kusema na baba yake hataanza kusema siku anapoona daraja sifuri mbele ya namba yake.

Katika nyumba nyingi salamu ndiyo mazungumzo yote. Mtoto husema shikamoo, baba huitikia marahaba, kisha kila mmoja huendelea na lake, na likizuka jambo zito hupitishwa kwa mama: "Mwambie mwanao nimemwona amerudi saa tatu usiku." Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo, likiwa limeshapunguzwa makali. Mama hufanya hivyo kwa nia njema, ila baba huishia kumjua mtoto wake kwa kusimuliwa. Hatua ya kwanza, basi, ni kuacha kumtuma mama. Ukiwa na neno na mtoto, mwambie mwenyewe, na usisubiri hadi liwe la kumkosoa ndipo umtafute.

Usimwite sebuleni ukamketisha mbele yako. Kijana aliyezoea kuitwa ili agombezwe ataingia na majibu mawili tu, "ndiyo, baba" na "hapana, baba", na utatoka hapo ukiamini kwamba mmeelewana. Mpate mkiwa na kazi ya mikono ambayo haiwalazimu kutazamana: kumwagilia bustani, kupanga bidhaa dukani, kuziba pancha ya baiskeli. Tuseme mko kwenye hiyo baiskeli, nawe unamuuliza ni mtihani upi uliomchosha zaidi. Anajibu: "Hesabu. Swali la mwisho sikuligusa kabisa." Hapo ndipo wengi huharibu kwa kusema, "Si nilikulipia tuisheni?" na mtoto hunyamaza mpaka tairi linapojaa upepo. Jaribu kuuliza, "Lilihusu nini?" kisha endelea kusugua mpira kwa msasa. Hata kama hesabu zenyewe huzijui, atakueleza, na katika maelezo hayo utasikia mambo ambayo ripoti ya shule haikuyaandika: kwamba muda ulimwishia, kwamba mwalimu alihamishwa na mada ile haikufundishwa, au kwamba tangu kidato cha pili amekuwa akiliogopa somo hilo na hakujua amwambie nani. Ukishaambiwa, usitoe suluhisho papo hapo. Kimya kifupi cha baba asiyekunja uso humfanya mtoto aongeze la pili.

Ujue mfumo anaouzungumzia

Ni vigumu kumsaidia mtu kuchagua njia usizozijua. Daraja hutokana na jumla ya pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, na la nne 26 hadi 33. Anayetaka kidato cha tano katika shule ya serikali huhitaji angalau masomo matatu yenye ufaulu wa C au zaidi, naye husoma tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu, kama PCB (fizikia, kemia na biolojia), EGM (uchumi, jiografia na hisabati) au HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Hapa baba ajihoji kidogo. Wapo wanaomsukuma mtoto kwenye PCB kwa sababu ukoo unahitaji daktari, ilhali mtoto mwenyewe hushinda akisoma historia. Muulize anaipendea nini tahasusi aliyoitaja, na usikilize sababu kabla ya kupima kama zinalipa.

Zungumzeni pia kuhusu njia ambazo hazipiti kidato cha tano. Vyuo vya kati hupokea wahitimu wa kidato cha nne katika ngazi ya cheti, kwa masharti yanayotofautiana kwa kila kozi, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundisha umeme, ushonaji, ufundi magari na fani nyingine nyingi. Mpeleke akatembelee chuo cha ufundi mwezi Desemba, kabla ya kujua alichopata, aone karakana na aulize maswali yake. Akipelekwa Februari, baada ya kufeli, ufundi huo huo ataupokea kama adhabu.

Kwa binti kuna jambo moja la ziada. Miezi hii ndiyo ambayo washenga huanza kubisha hodi, na mara nyingi msichana husikia habari za posa yake akiwa jikoni, kupitia kwa shangazi. Baba amwambie mwenyewe, mapema, kwamba shule haijaisha na kwamba hakuna litakaloamuliwa juu yake bila yeye.

Siku yenyewe

Matokeo huwekwa kwenye tovuti ya NECTA kwa shule, na yeyote mwenye namba ya mtahiniwa anaweza kuyasoma. Kwa hiyo usiitoe namba hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kama baba mkubwa anaiomba kwa msisitizo. Kubalianeni mapema nani atafungua: yeye peke yake, nyinyi wawili, au wewe kwa niaba yake.

Yakiwa mabaya, sentensi yako ya kwanza iwe fupi na isiguse alama. "Nimeona. Umekula?" inatosha. Siku hiyo msiamue lolote, usimtaje mtoto wa jirani, na usimgeuze kuwa "mwanao" mbele ya mama yake, kama ilivyo desturi yetu ya kumiliki watoto wanapofaulu tu.

Mwangalie kwa karibu wiki hiyo. Akiacha kula, akijifungia, akigawa vitu vyake au akisema kwamba hana faida ya kuishi, usiichukulie kuwa deko la ujana. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Akikiri, asiachwe peke yake, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo, na hata mzazi anaweza kuipiga kuomba ushauri.

Wiki moja au mbili baadaye, akishatulia, kaeni na daftari, kalamu aishike yeye. Aandike kila njia iliyobaki: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, chuo cha kati, ufundi, au kujifunza biashara kwa mtu. Kando ya kila moja aandike muda, gharama na siku ya mwisho ya kujiandikisha, na pasipojulikana akaulize yeye mwenyewe kwenye kituo au chuo husika. Kisha wewe mtajie, kwa shilingi, kiasi unachoweza kutoa mwaka huu na mwezi utakaokitoa, hata kama ni kidogo kuliko alivyodhani, ili achague akijua alichonacho mkononi.