Maswali ya GP ya maneno: soma sentensi kwanza, fomula baadaye

Wengi wanaokosa maswali ya GP (mfuatano wa namba ambapo kila hatua unazidisha kwa namba ileile) fomula wanazo kichwani kama wimbo, kinachowaangusha ni ile sentensi ya swali. Kwa hiyo kabla hujashika kalkuleta jiulize, kila hatua tunajumlisha kiasi kilekile au tunazidisha kwa namba ileile? Ukiona "mara mbili ya jana", "asilimia 20 kila mwezi", "inabaki nusu", hapo ni kuzidisha, ni GP. Ukiona "anaongeza 500 kila wiki" hiyo ni AP (mfuatano wa kujumlisha), usiiguse na fomula hizi.

Tuchukue kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, maana mtaani kila mtu anaijua. Mama ntilie kakopa 100,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, asipolipa riba inapandishwa juu ya deni. Kapiga kimya miezi 6. Anadaiwa ngapi?

Ile r, yaani namba tunayozidisha kila hatua, sio 0.2 jamani! 0.2 ni riba peke yake na deni la zamani bado lipo palepale, kwa hiyo r ni 1.2. Ukiweka 0.2 utapata deni la shilingi 6 na kitu, huyo mkopeshaji naomba namba yake. Na kitu kikipungua asilimia 15, mfano bei ya pikipiki kila mwaka, r ni 0.85, yaani kile kinachobaki sio kile kilichokatwa.

Sasa kipeo, hapa ndo mimi nilipigwa kwenye mtihani. Shuleni tumekaririshwa kipeo cha r ni n − 1 (n ni nafasi ya namba kwenye mfuatano) basi nikaweka 5 bila kufikiria. Lakini 100,000 ni siku ya kukopa, mwezi wa kwanza ukiisha ni 120,000, wa pili 144,000, wa tatu 172,800, ukifika wa sita umezidisha mara 6. Kwa hiyo 100,000 × 1.2⁶ = 298,598, karibu mara tatu ya alichochukua. Hesabu umezidisha mara ngapi, mambo ya n yatajipanga yenyewe, na ukiwa na wasiwasi andika namba tatu za mwanzo pembeni kama nilivyofanya hapa.

Kingine ni kujua unaulizwa kitu kimoja au jumla. Mtu anaweka kibubu, wiki ya kwanza 1,000, kila wiki anadabo. Wiki ya 10 anaweka ngapi? 1,000 × 2⁹ = 512,000 (hapa n − 1 inafanya kazi vizuri kwa sababu 1,000 ni ya wiki ya kwanza yenyewe). Kibubu kizima kina ngapi? Hapo ndo jumla, a(rⁿ − 1) gawanya kwa (r − 1), a ikiwa namba ya kwanza, yaani 1,000 × 1,023 = 1,023,000. Hiyo laki tano ya wiki moja ataitoa wapi sijui, watunga maswali hawajali.

Zile za "milele", yaani jumla ya hatua zisizo na mwisho, ni fupi: a gawanya kwa (1 − r), ila r lazima iwe kati ya −1 na 1. Unameza dawa miligramu 200 kila siku na kabla ya kidonge kinachofuata mwilini inabaki nusu ya iliyokuwepo: 200 gawanya kwa (1 − 0.5) ni 400. Ndo dari yake hiyo, hata umeze mwaka mzima, na ukipata jibu linalozidi 400 rudi kaangalie r yako.