Kutunza tovuti ya biashara yako: mwongozo kwa wenye nyumba za wageni, mashua na maduka Lamu

Tovuti nyingi za biashara ndogo hapa Lamu huharibika kwa kusahauliwa tu. Domeini, yaani anwani ya tovuti, haikulipiwa, kadi ya benki iliyokuwa ikikatwa imekwisha muda, bei za Desemba ya juzi bado ziko ukurasani, na fomu ya kuulizia vyumba imeacha kufikisha ujumbe bila mtu kujua. Mwenye nyumba anasema msimu umekuwa mbovu, kumbe wageni walimwandikia wakakosa jibu, wakaenda kwa jirani. Mimi kazi yangu ni kutunza tovuti za namna hii, na haya ni mambo ambayo mwenye biashara anaweza kuyafanya mwenyewe kwa simu na laptopu ya kawaida. Mifano yangu ni ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, kwa sababu ndiyo ninayoikuta zaidi.

Hatua ya 1: Jua funguo ziko kwa nani

Kabla hujagusa kitu, chukua karatasi uandike: domeini imesajiliwa kwa jina la nani, kwa kampuni gani, kwa barua pepe ipi? Seva, yaani kompyuta ya mbali inayobeba tovuti yako, inalipiwa wapi na lini? Nywila ya msimamizi wa tovuti anayo nani?

Hapa ndipo wengi hukwama. Utakuta domeini iko kwa jina la kijana aliyejenga tovuti, na barua pepe ni yake. Huenda ni mtu mwema kabisa, ila amehamia Mombasa au Doha na namba yake haipatikani tena. Kwa domeini za .com, kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, zinaitaka kampuni iliyokusajilia ikukumbushe karibu mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, na tena ikibaki kama wiki moja. Ukumbusho huo huenda kwenye barua pepe iliyosajiliwa. Kama si yako, hutauona. Za .co.ke ziko chini ya KENIC, shirika linalosimamia domeini za Kenya, na kwenye tovuti yao unaweza kutafuta domeini yako uone muda wake unaisha lini. Fanya hivyo leo.

Ukishajua, omba domeini ihamishiwe kwenye jina lako na barua pepe ya biashara. Lakini angalia: barua pepe hiyo isiwe ile inayotumia domeini hiyohiyo. Domeini ikikatika, barua pepe nayo inakufa, na utakuwa umefungiwa nje huku ufunguo uko ndani. Tumia Gmail ya biashara, uiwekee uthibitisho wa hatua mbili, na nywila aijue mtu wa pili wa kuaminika katika familia. Kama kampuni inaruhusu, lipia miaka miwili au mitatu kwa mpigo.

Utapata pia barua pepe zinazokutisha kuwa domeini inakatwa kesho, na kiungo cha kulipia. Usikibonyeze. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako kwa njia uliyoizoea. Kama kweli kuna deni, utalikuta hapo.

Hatua ya 2: Weka nakala mahali pengine

Kampuni ya seva inaweza kukuambia inachukua nakala kila siku. Vizuri, lakini usiitegemee peke yake, maana seva ikiharibika au akaunti ikifungwa, nakala iliyo humohumo inapotea nayo. Weka plagini (programu ndogo ya kuongezwa kwenye tovuti) ya nakala, kwa mfano UpdraftPlus, uiunganishe na Google Drive, ambayo inakupa GB 15 bure, na uipangie ratiba ya kila wiki. Mara moja kwa mwezi pakua nakala moja uiweke kwenye diski ya nje nyumbani.

Nakala ina sehemu mbili: mafaili (picha, mwonekano yaani sura ya tovuti, plagini) na hifadhidata, ambamo mna maneno yako yote na maombi ya wageni. Nimeona watu wamehifadhi mafaili pekee wakidhani wamemaliza. Na nakala ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuiamini. Mwombe fundi airudishe kwenye tovuti ya majaribio angalau mara moja kwa mwaka, uione ikifunguka kwa macho yako.

Hatua ya 3: Sasisha, kimoja kimoja

Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama. Plagini na mwonekano bado zinakuhitaji wewe, na mara nyingi wavamizi hupitia kwenye plagini iliyozeeka.

Chukua nakala kwanza. Kisha sasisha plagini moja, fungua tovuti kwenye dirisha jingine, tazama ukurasa wa mwanzo na ukurasa wa kuulizia vyumba, halafu nenda kwa inayofuata. Ukibonyeza zote pamoja na tovuti ikawa nyeupe, hutajua ni ipi iliyoleta balaa. Tovuti ikianguka, WordPress kuanzia toleo la 5.2 hutuma kiungo cha uokoaji kwenye barua pepe ya msimamizi, ukaingia na kuizima plagini yenye kosa. Hii ni sababu nyingine ya kuhakikisha barua pepe hiyo ni hai na ni yako.

Plagini usiyoitumia ifute, usiishie kuizima. Na zile za kulipia zinazogawiwa bure kwenye mitandao ya vichochoroni usizikaribie, kwani mara nyingi zimepandikizwa virusi.

Mwulize pia mwenye seva unatumia toleo gani la PHP, lugha inayoiendesha WordPress. Kama ni 7.4 au chini yake, tambua kuwa 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Omba upandishwe, ila baada ya kusasisha plagini.

Cheti cha usalama, kile kinacholeta https, siku hizi hujirefusha chenyewe kwenye seva nyingi. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90 au chini ya hapo. Kivinjari kikianza kumwonya mgeni kuwa tovuti si salama, wasiliana na kampuni ya seva siku hiyohiyo. Hakuna mgeni atakayetuma malipo mbele ya onyo kama hilo.

Hatua ya 4: Jiandikie mwenyewe

Kila Jumatatu, chukua simu isiyokuwa yako, zima waifai utumie bando, fungua tovuti yako, jaza fomu kama mgeni: jina, tarehe, watu wawili, chumba cha juu. Tuma. Sasa subiri uone inafika wapi.

Ikifika kwenye barua taka au isifike kabisa, mara nyingi tatizo ni kwamba seva inatuma barua kwa jina lako bila uthibitisho. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti: kila anayetuma lazima awe na SPF au DKIM, yaani rekodi kwenye domeini zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli. Fundi huziweka kwa muda mfupi. Mwambie pia aweke plagini ya SMTP, yaani njia ya kawaida ya kutuma barua pepe, ili fomu itume kupitia akaunti halisi ya barua pepe.

Bonyeza na namba ya WhatsApp iliyo ukurasani. Kama imeandikwa bila 254, mgeni aliye Italia hataipata.

Hatua ya 5: Pitia maneno, bei na ramani

Picha ya simu inaweza kuwa na MB 4 au 5. Kumi kama hizo ni MB 40 hadi 50 za bando la mgeni. Zipunguze upana hadi pikseli 1600 na uzito chini ya KB 300 kabla ya kuzipandisha. Inatosha.

Maneno yanahitaji jicho zaidi. Ukurasa unaotaja Maulidi ubadilishe tarehe kila mwaka, kwa kuwa Mfungo Sita hurudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja katika kalenda ya kawaida, na wako watu wanaokata tiketi ya ndege kwa kutazama tovuti yako. Mwezi wa Ramadhani andika saa za jikoni. Nauli ya boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda ikipanda, iandike ilivyo. Mgeni aliyeshukia gatini akidaiwa zaidi ya alichosoma kwako, lawama ni yako, si ya nahodha.

Tazama pia alama yako kwenye Google Maps. Katika vichochoro vya Mkomani na Langoni alama ikisogea hatua chache, mgeni anajikuta mlango wa watu wengine. Andika maelezo kwa vitu anavyoviona: msikiti, baraza, duka, kisha weka picha ya mlango wako.

Hatua ya 6: Futa taarifa za wageni

Fomu nyingi huhifadhi kila ujumbe ndani ya tovuti, na wageni wengine hutuma picha za pasipoti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama una vyumba vitatu tu. Mgeni akishaondoka na hesabu zikiisha, futa usichokihitaji. Tovuti ikivamiwa, kisichokuwemo hakiibiwi.

Ratiba ya mwaka

Jaribio la fomu ni la kila wiki, kusasisha ni kila wiki mbili, diski ya nje ni kila mwezi. Kazi nzito, kama kupandisha PHP, kubadilisha mwonekano au kuhama seva, ziweke mwezi wa Mei na Juni, kusi likivuma na nyumba nyingi za Shela zikiwa zimefungwa. Novemba usibadilishe chochote kikubwa, maana wageni wa Desemba wanatafuta vyumba wakati huo. Ukimlipa fundi wa kukutunzia, mwandikiane kazi hizi moja moja, na kila mwezi akutumie tarehe ya nakala ya mwisho, orodha ya alivyosasisha na picha ya skrini ya fomu iliyofika.